Homa ya ini C imerudi baada ya dozi: si mwili uliozoea dawa

Pole sana mkuu kwa yaliyompata mdogo wako. Umeuliza inakuwaje mtu ameze vidonge vya homa ya ini C wiki 12 bila kuruka siku, kipimo cha mwisho wa dozi kisionyeshe kitu, halafu miezi mitatu baadaye virusi viwe vimerudi. Umeambiwa "mwili umezoea dawa". Kaka yangu alipita njia hiyohiyo hapa Mbeya, ndiyo maana naandika kirefu.

Mwili hauzoei dawa. Kinachobadilika ni kirusi.

Kwetu ni milimani Uporoto, tunalima viazi. Kila mkulima wa huko anajua ukungu. Ukipiga dawa ileile msimu baada ya msimu, siku moja unapiga na shamba linaungua vilevile. Viazi havijazoea chochote. Ukungu mchache ambao dawa haikuuweza ulibaki, ukazaana peke yake shambani. Daktari wa kaka alipotueleza habari ya kirusi nikaona ni jambo lilelile, ila mwendo wake ni wa kutisha.

Kirusi cha homa ya ini C kina maelekezo ya herufi kama 9,600 hivi za RNA (kemikali inayobeba maelekezo yake ya kujizalisha), na kwa mgonjwa mmoja vinazalishwa virusi vipya kama trilioni 1 kwa siku. Kimeng'enya kinachonakili herufi hizo hakirudi nyuma kusahihisha. Kikikosea, kosa linabaki. Kwa hiyo kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza, damuni mwake kuna kundi la virusi vinavyotofautiana kidogokidogo, na huenda vichache tayari vina badiliko linalovikinga. Dawa haitengenezi badiliko hilo. Inaua vingine vyote, na hivyo vinabaki na uwanja mtupu.

Ndiyo maana hutolewa dawa mbili au zaidi kwa pamoja. Kaka alipewa sofosbuviri na ledipasviri. Sofosbuviri inajifanya herufi ya RNA, kirusi kinaichomeka kwenye nakala na kazi inakwama hapo. Badiliko la kuikwepa lipo, linaitwa S282T, lakini kirusi chenye nalo huwa dhaifu na ni nadra kukutana nacho. Shida kubwa iko kwa ledipasviri na ndugu zake, dawa zinazoshika protini ya kirusi iitwayo NS5A. Hapo badiliko la sehemu moja tu, kama Y93H, linaweza kuifanya dawa ishindwe kushika, na kirusi kikaendelea na nguvu zake. Virusi vya namna hiyo vinaweza kukaa damuni kwa miaka hata baada ya kuacha dawa. Kurudia dozi ileile kwa fedha yako, kama wengine walivyokushauri, ni kurudi shambani na dawa ambayo ukungu umeshaishinda.

Aina ya kirusi nayo ina neno. Kwa majirani zetu Rwanda, wagonjwa 300 walitibiwa kwa dawa mbili hizo hizo alizopewa kaka, wakapona asilimia 87. Lakini waliokuwa na aina ndogo ya kirusi iitwayo 4r walipona asilimia 56 tu, maana aina hiyo huzaliwa na mabadiliko ya NS5A. Wale hawakukosea kumeza. Naomba mdogo wako asilaumiwe.

Kwa kaka kulikuwa na jambo la ziada lililoniuma sana. Ana vidonda vya tumbo, alikuwa anameza omeprazoli, dawa ya kuzima asidi ya tumbo, kila siku. Hospitali tuliyoanzia hakuna aliyemuuliza, na sisi hatukujua kuwa ni la kusema. Ledipasviri inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke vizuri. Asidi ikizimwa, dawa inayofika damuni inapungua, na dawa pungufu ndiyo inayovipa nafasi vile virusi vichache vyenye kinga. Daktari wa pili hakuapa kwamba ndiyo sababu, lakini aliisimamisha omeprazoli siku hiyohiyo.

Alibadilishiwa: sofosbuviri na velpatasviri pamoja na ribavirini, wiki 24. Ribavirini ilimshusha damu, kupanda mlima kwenda shambani akashindwa, tukalima bila yeye. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho alipima wingi wa virusi, havikuonekana. Huko ndiko kupona kwenyewe, kwa sababu kirusi hiki hakijichimbii ndani ya vinasaba vyetu kama VVU. Kipimo cha haraka cha kingamwili bado kinasoma chanya, na kitaendelea hivyo. Msishtuke nacho.

Kwa mdogo wako, mwombe daktari aangalie pia kama ni maambukizi mapya, maana aliyepona anaweza kuambukizwa tena. Mwende na orodha ya kila anachomeza: dawa za tumbo, za kifafa, za TB, hata za miti shamba. Rifampisini na kabamazepini huishusha sofosbuviri damuni. Ipo pia dawa ya mchanganyiko wa dawa tatu kwa pamoja, yenye voksilapreviri, iliyotengenezwa kwa ajili ya walioshindwa mara ya kwanza. Ulizeni kama inapatikana.

Andika hapa majina ya dawa alizotumia na kama ini lake limeshapimwa ugumu, yaani lina makovu kiasi gani. Hilo la ini ndilo litakaloamua mharakishe kiasi gani.