Maswali na majibu: Je, bahari inayoonyesha chini ndiyo safi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Tunapanga likizo ya kiangazi, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine saba. Tumebakiwa na fukwe mbili. Ya kwanza ina mchanga mweupe na maji maangavu. Ukisimama maji yakiwa kiunoni unaona kucha za miguu. Iko ndani ya ghuba tulivu, nyuma yake kuna mji, na pembeni kuna kijito kinachomwaga maji yake hapo. Ya pili iko wazi, ina mawimbi, maji yake ni ya kahawia hafifu na mchangani umetupwa mwani mwingi. Mwenyeji wetu alichota maji ya ufukwe wa kwanza kwenye chupa, akatumbukiza kipimo cha mkononi, akatuambia maji yamefaulu, na kwamba hata hivyo chumvi ya bahari huua kila kijidudu. Mume wangu ameridhika, lakini moyo wangu unasita. Twende wapi?

JIBU: Dada yangu, moyo wako umesita mahali panapostahili. Nimepima maji ya kuogelea kwa miaka mingi, na kila kiangazi kinapokaribia napokea swali hili kwa sura mbalimbali. Macho yameona maji yanang'aa, basi akili imeshafunga hesabu. Niruhusu nianze na hicho kipimo cha mkononi, maana kinanikera kuliko yote.

Kwa jinsi ulivyokieleza, naamini ni kile kijiti chenye betri kinachoonyesha tarakimu kwenye kioo kidogo. Kazi yake ni kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha kukadiria kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka humo. Basi. Bakteria hakioni, virusi hakioni, kinyesi hakikijui. Tena maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa kila lita, kiasi ambacho vipimo vingi vya aina hii, vile vya bei nafuu, haviwezi hata kukisoma kwa sababu mizani yake huishia mbali sana chini ya hapo. Mtu anayekitumbukiza baharini na kutangaza kwamba maji yamefaulu, ama hajui alichoshika mkononi, ama anajua na anakudanganya. Kwa vyovyote vile atakayeharisha ni mwanao.

Maji huwa maangavu yanapokuwa na chembe chache za udongo na vimwani vidogo vinavyoelea. Ile rangi ya samawati inayopendeza hutokea pale maji yenye kina kifupi yanapokaa juu ya mchanga mweupe unaorudisha mwanga. Bakteria mmoja ana urefu wa sehemu moja au mbili za elfu ya milimita. Unaweza kuwa na maelfu yao ndani ya nusu kikombe cha maji na jicho lisione tofauti yoyote.

Maabara tunachukua mililita 100 za maji, tunazivuta kupitia kichujio chembamba cheupe kinachotosha kwenye kiganja cha mtoto, tunakilaza kichujio hicho kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, halafu tunakiweka kwenye kabati la joto la nyuzi 36 kwa karibu siku mbili. Kila enterokoki, bakteria tunayemtafuta, aliyekuwa hai hukua akawa kidoa chekundu kilichoiva. Asubuhi moja nilitoa visahani viwili kabatini, kimoja cha ghuba ambayo watu husafiri kutoka mbali kuja kuipiga picha, kingine cha ufukwe wa mawimbi wenye maji ya kahawia. Kwenye cha kwanza vidoa vilikuwa vimebanana hadi vikaungana, sikuweza kuvihesabu. Kwenye cha pili vilikuwa vitatu. Chupa zenye mabaki ya sampuli zilikuwa bado mezani, na mtu yeyote ambaye angeambiwa achague ya kunywa angenyoosha mkono kwenye ile ya ghuba.

Enterokoki ni bakteria wanaoishi matumboni mwa watu na wanyama. Kwa kawaida si wao watakaomwangusha mtoto wako. Wao ni mashahidi kwamba kinyesi kimefika majini, na kinyesi hakisafiri peke yake. Hubeba virusi vya kuharisha na kutapika, kama norovirusi, ambavyo tukitaka kuvipima kila kimoja tutamaliza mwaka. Sasa sikiliza hili, na mume wako alisikilize pia: shahidi huyu alichaguliwa kwa ajili ya maji ya bahari hasa kwa sababu anavumilia chumvi kwa muda mrefu kuliko E. koli, bakteria mwingine wa tumboni. Hayo ya kwamba chumvi huua kila kijidudu yanakufa hapo. Kuna hata bakteria wa jamii ya Vibrio ambao bahari yenye joto ndiyo makazi yao ya asili, hawahitaji kuletwa na majitaka, na wanaweza kuingia mwilini kupitia kidonda kibichi. Mtoto mwenye mkwaruzo unaovuja asiingie majini, hata kama ufukwe ni mzuri namna gani.

Kinachoua vijidudu kwa kweli, tena kwa kiasi kikubwa, ni jua. Vipimo vilivyofanywa Huntington Beach, California, vilionyesha idadi ya bakteria ikiwa juu saa za usiku na asubuhi mapema, kisha ikishuka jua linapopanda. Lakini jua hufanya kazi ya kumaliza kile kilichokwisha kuingia. Kama kijito kinaendelea kumwaga, jua linafuta na kijito kinaandika.

Kijito hicho ndicho ningekitazama kabla ya kitu kingine chochote. Mji uliopo nyuma ya ufukwe una mitaro, mashimo ya vyoo, mabomba yanayopasuka, mbwa na ng'ombe. Mvua ikinyesha, yote hayo husombwa kuelekea sehemu iliyo chini kabisa, nayo ni bahari. Ndiyo maana mamlaka za afya katika jimbo hilohilo la California huwashauri watu wakae nje ya maji kwa saa 72 baada ya mvua kubwa, hasa karibu na midomo ya mito na mitaro. Na ghuba tulivu inaongeza tatizo. Utulivu unaokuvutia kwa ajili ya mtoto wa miaka minne, yaani maji mafupi, yenye uvuguvugu, yaliyokingwa na mawimbi, ni utulivu uleule unaofanya maji yasibadilishwe upesi. Uchafu ukiingia unakaa. Ufukwe ulio wazi hupokea maji mapya kila wimbi linapovunjika.

Halafu kuna watoto wenyewe. Vipimo vilivyofanywa kwenye bwawa la kuogelea vilionyesha kwamba mtoto humeza maji karibu maradufu ya yale anayomeza mtu mzima. Tena hachezi palipo na kina. Anachimba ukingoni, kwenye mchanga mbichi, ambao mara nyingi huwa na bakteria wengi kuliko maji yaliyo mbele yake, kwa kuwa chini ya mchanga jua halifiki. Osheni mikono kwa sabuni kabla hamjala. Najua linaonekana jambo dogo, lakini nimekutana na familia zilizochagua ufukwe kwa uangalifu mkubwa kisha zikalishana mkate kwa vidole vyenye mchanga.

Kwa hiyo, kati ya hizo mbili, mimi ningeanza na ile ya pili. Kwanza hakikisheni rangi ya kahawia inatoka wapi. Simameni mahali pa juu mtazame. Ikiwa maji yanachafuka pale mawimbi yanapovunjika na kuwa safi mbele yake, huo ni mchanga unaotibuliwa, hauna neno. Ikiwa rangi inatoka upande mmoja kama utepe na kuelekea kwenye mdomo wa mto au mtaro, hadithi imebadilika. Mwani usiwatishe. Ni sehemu ya ufukwe ulio hai, hushika mchanga usichukuliwe na hulisha ndege na kaa. Rundo lililooza, lenye harufu ya yai viza, ndilo la kukaa nalo mbali.

Lakini ufukwe wa mawimbi una hatari yake, na hii huua upesi kuliko kuharisha. Pale palipo na mawimbi, tafuta pengo ambalo mawimbi hayavunjiki, maji yanaonekana kama yametulia. Watu wengi huwapeleka watoto hapo. Mara nyingi hapo ndipo mkondo unaporudi baharini kwa nguvu na kumvuta mtu. Anayechukuliwa asipigane nao kurudi moja kwa moja pwani; aelee, apunge mkono kuomba msaada, au aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke kwenye mkondo. Mahali palipo na waokoaji, ogeleeni kati ya zile bendera zenye nusu nyekundu na nusu ya njano. Kama hakuna waokoaji, wadogo waishie maji ya magotini, mtu mzima akiwa umbali wa kuwashika. Na ikiwa ufukwe wa pili hauna waokoaji na mawimbi ni makubwa, tafuteni wa tatu. Msilazimike kuchagua kati ya mbili eti kwa sababu ndizo zilizobaki kwenye orodha.

Huo wa tatu mtautafuta kwa kuuliza swali moja: nani anapima maji haya, na matokeo ya karibuni yako wapi? Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ufukwe unaopewa daraja la juu kabisa huwa na enterokoki wasiozidi 100 na E. koli wasiozidi 250 kwa kila mililita 100, kwa hesabu ya kwamba sampuli 95 kati ya 100 zisivuke hapo, na kwa kawaida daraja hilo hutolewa kwa kuangalia misimu minne. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 ulieleza kwamba enterokoki wakivuka 500, uwezekano wa kuugua tumbo kwa kuogelea mara moja unapita asilimia 10. Na makadirio hayo yalitokana na watu wazima wenye afya njema, si mtoto wa miaka minne.

Ipo pia Bendera ya Buluu, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1985 na sasa hutolewa katika nchi nyingi. Inadai vipimo vya maji vya mara kwa mara katika msimu pamoja na usalama na usafi wa ufukwe. Hutolewa kwa msimu mmoja, kwa hiyo ya mwaka juzi haikusaidii, na kitambaa cha buluu alichotundika mwenye hoteli si bendera hiyo. Wala ufukwe usiokuwa nayo si lazima uwe mchafu. Huenda waendeshaji wake hawajaiomba.

Ninaloliona likiharibu likizo za watu wengi zaidi ni zile orodha za fukwe kumi safi kuliko zote, zinazoandikwa na watu ambao hawajawahi kushika chupa ya sampuli. Wanatazama picha, wanapanga picha, wanaita huo usafi. Bondi, kule Sydney, ni miongoni mwa fukwe zinazopigwa picha sana duniani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 majitaka ya mji yalikuwa yakimwagwa baharini kwenye majabali ya jirani, mpaka lilipojengwa bomba la kuyapeleka zaidi ya kilomita mbili ndani ya bahari. Picha za kupendeza zilikuwa zinapigwa miaka yote hiyo. Uzuri wa mandhari mnaujua wenyewe kwa kutazama, hamhitaji mtaalamu. Usafi mtu hana budi kuupima, na kipimo cha maabara huchukua saa kadhaa hadi siku mbili, kwa hiyo anayekupa jibu papo hapo ufukweni akiwa na kijiti, chupa au matone ya kubadili rangi ya maji, usimlipe.

Wabaya zaidi ni wale wanaowashauri wazazi wawanyweshe watoto antibiotiki kabla ya kuingia majini, eti kinga. Virusi havisikii antibiotiki kabisa, na dawa hiyo huua bakteria wema wa tumboni na inaweza yenyewe kuleta kuharisha. Msiwape. Mtoto akianza kutapika au kuharisha baada ya kuogelea, mpeni maji ya ORS, yaani ule mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo, mara nyingi. Mkiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au saa nyingi zimepita hajakojoa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mwambieni daktari kwamba alikuwa baharini, ufukwe gani, na lini.