Kinga ya mwili na kinga cha moto

SWALI: Mwalimu, nasomea afya ya mifugo. Maelezo tuliyopewa darasani yanasema, "Vingamwili vinazunguka kati ya limfu na damu." Je, "kuzunguka" ni sahihi, au ni "kusambaa"?

JIBU: Kuzunguka ni sahihi. Kinachosambaa si lazima kirudi. Kinachozunguka hurejea kilikoanzia, na ndivyo ilivyo. Kingamwili, yaani antibodi, protini za mwili zinazopambana na vijidudu, hupenya kuta za mishipa myembamba ya damu, huingia kwenye tishu, huzolewa na limfu, majimaji yanayotoka kwenye tishu (Kilatini, maji maangavu), hupita kwenye tezi ambako mpya hujiunga nazo, kisha nyingi humwagwa na mfereji wa kifuani kwenye vena iliyo karibu na mtulinga wa kushoto. Zimerudi damuni.

Hukuniuliza kuhusu "vingamwili", lakini sikipiti kimya. Nimechoka kukiona! Kinga ya kuzuia madhara imo katika ngeli ya I-ZI: kinga hii, kinga hizi. Twasema kinga ya ndui. Nani amewahi kusema kinga cha ndui? Ukiitia katika KI-VI unaangukia neno jingine kabisa: kinga cha moto, wingi vinga, yaani kijinga, ukuni unaowaka. Ndicho kile cha methali, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Anayeandika "vingamwili" anamwambia mfugaji kwamba ndama wake amejaa vijinga vya moto.

Mtanitajia kitabu na vitabu. Kitabu kilikuja mgeni kutoka Kiarabu, tukakivisha nguo zetu. Kinga ni mwenyeji, na "ki" yake ni sehemu ya mzizi wa kitenzi, kama ilivyo katika kukinga mvua. Aking'oaye anabaki na nini?

Antibodi naivumilia, maadamu ni antibodi hii na hizi.

Na huyo ndama ndiye anayenitia uchungu. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili kama la binadamu, hivyo huzaliwa hana za mama yake. Huzipata kwenye dang'a: hupenya utumbo, huingia kwenye limfu kwanza, ndipo zifike damuni, na zikipita kama saa 24 utumbo umeshajifunga. Mfugaji wa kuambiwa hayo alfajiri, ndama akiwa bado analowa, anahitaji maneno anayoyajua. Nanyi mnamwandikia "maziwa ya mwanzo yenye vingamwili"! Dang'a ilikosa nini?

Andika: "Kingamwili huzunguka kati ya limfu na damu. Ndama huzipata kwenye dang'a."