Mbona watu hubanana mlangoni na nyuma kuko na nafasi?

SWALI: Mhariri habari ya kazi. Jioni hupanda zile basi kubwa za Githurai kutoka tao hapa Nairobi, mimi nashukia Roysambu. Kila siku konda ni "songeni nyuma, nyuma kuko na nafasi", na ni kweli iko, lakini watu wamejaa mlangoni na hawasongi. Juzi nilikaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni, kabla nifike mlangoni gari ishatoka steji, nikashukia huko mbele Kasarani. Shida ni sisi abiria ama ni gari? Mama wa Roysambu.

JIBU: Pole sana mama, kurudi hiyo njia na mtoto usiku si mchezo. Na usijilaumu, mimi naona kosa kubwa liko kwa vile gari limepangwa ndani.

Hebu piga hesabu na mimi. Basi kubwa ina upana wa kama mita 2.5 kwa nje, ndani ni kama 2.3. Kiti cha mtu mmoja weka sentimita 40. Viti viwili huku viwili kule vinakula mita 1.6, njia ya katikati inabaki sentimita 70, mtu na kiondo chake anapita vizuri. Sasa mwenye gari akiweka tatu huku mbili kule, njia inabaki sentimita 30! Mabega ya mtu mzima hayatoshi hapo, lazima utembee kwa ubavu, na ukikutana na mwenye anaingia mmoja wenu atakalia watu mapajani. Halafu mlango ni huo mmoja, wa kuingia ndio wa kutoka, na konda amesimama kwa ngazi.

Kwa hivyo mtu anajiambia nikienda nyuma sitatoka, anabaki mbele, akibaki mbele anaziba njia, wewe wa nyuma unapitishwa steji, na kesho wewe pia unabaki mbele. Hiyo hofu haiishi kwa kelele za konda.

Tena tangu sheria za Michuki (zile za matatu, za waziri wa uchukuzi John Michuki) zianze Februari 2004 abiria wa kusimama hawaruhusiwi, so mwenye gari hana sababu ya kuacha nafasi ya kusimama. Lakini mvua ikinyesha saa kumi na mbili jioni si unajua watu husimama tu, na wanasimama mahali pembamba kuliko pote.

Wenzetu wa Dar es Salaam, mwendokasi yao, yaani basi zenye barabara yake peke yake, ilianza 2016, tiketi unakata kituoni, sakafu ya kituo na ya basi ziko sawa, milango ni mipana na iko kadhaa. London nao 2012 walileta basi za ghorofa zenye milango 3 na ngazi 2. Huku kwetu mlango wa pili unakula viti, na kiti ni pesa, naelewa. Lakini tuseme kila mtu anashuka kwa sekunde 4, watu 15 ni dakika nzima, zidisha na steji zote hadi Githurai uone trip ngapi zinapotea. Mimi ningeng'oa tu safu moja ya viti hapo mlangoni, watu wapate pa kupishana.

Kwa sasa mama, ukiweza kaa safu ya pili ama ya tatu kutoka mlangoni, kiti cha kando ya njia, nauli lipa mapema, na mkifika Garden City, kabla ya Roysambu, mwambie konda unashuka na uanze kusimama.