Kicheko cha Kijerumani

Shikamoo Mwalimu. Natembeza wageni Forodhani. Katika hadithi ya Kiingereza niliyowafasiria Wajerumani, “chuckle” niliiandika “kichern”. Mgeni akakataa. Nimekosea wapi?
– Kijana wa Malindi

Marahaba mwanangu. “Kichern” ni kicheko chembamba cha mfululizo, kama cha wasichana wakinong’onezana barazani. Waingereza husema “giggle”. “Chuckle” hubaki kifuani. Wajerumani hutumia maneno matatu, “in sich hineinlachen”: kujichekea ndani kwa ndani. Napenda sana usemi huo! Jihadhari na “schmunzeln”: neno tamu, ila halina sauti, ni tabasamu la mtu aliyefurahishwa na jambo. Babu akicheka kimoyomoyo hata kanzu ikatikisika, tumia “in sich hineinlachen”. Akitabasamu tu, kikombe cha kahawa mkononi, hapo “schmunzeln”.