Ukiandika Mapenzi ya Mwanamke Mwenye Usonji, Usimgeuze Mgonjwa wa Kuponywa

Msomaji ameniandikia akilalamika: mhusika wake mkuu ni mwanamke mwenye usonji (autism, hali ya kuzaliwa nayo inayogusa namna mtu anavyohisi na kuwasiliana), riwaya ni ya mapenzi, na kila anayeisoma anamwambia huyo dada hana hisia. Miswada mingi ya namna hii huanguka hapo hapo. Mwandishi anaorodhesha asiyofanya mwanamke: hatazami watu machoni, hakumbatii, utani unampita. Msomaji atampendaje mtu aliyeletwa kwake kama orodha ya mapungufu?

Ingia kichwani mwake. Anapotazama kando mpenzi akizungumza, huenda ndipo anaposikia kila neno, kwa kuwa kutazamana macho kunamla nguvu za kusikiliza. Liandike hilo kwa nafsi yake.

Chukua miadi ya kwanza mkahawani. Usimwage kero zote kwa mpigo. Chagua mbili uzikuze. Lebo ya blauzi inamkwaruza shingo tangu anakaa. Kisha mashine ya kahawa inaanza kunguruma nyuma ya kaunta, na sekunde hiyo hiyo mwanamume anatoa neno la moyoni. Mwanamke anasikia ngurumo tu. Tayari una mgogoro, tena bila kumleta mpinzani wa kumtia wivu. Wala hayo si mapambo: DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, unaitaja miitikio ya hisi isiyo ya kawaida, kama kukerwa mno na sauti au mguso, miongoni mwa vigezo vya kutambua usonji.

Mguso unataka uangalifu zaidi. Kwa wengi wenye usonji, mpapaso mwepesi wa ncha za vidole unakera hata kuuma, ilhali kukumbatiwa kwa nguvu kunatuliza. Ukifuata mazoea ukampapasa shavu taratibu, tukio limeharibika. Mwache mwanamume aulize, "Nikukumbatie, au nikae tu hapa?" Naye ajibu, "Nikumbatie, lakini kaza." Maneno ya wazi namna hiyo yana joto kuliko ukurasa mzima wa tamathali.

Kosa linaloniuma kuliko yote ni kumfanya mwanamume fundi wa kumrekebisha. Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenzake. Basi kigawe kisa sawasawa. Mwanamume anasema "si lazima uje" akimaanisha njoo. Mwanamke anabaki nyumbani kwa heshima ya kauli yake. Kwa nini aombe radhi peke yake? Na huyo bwana ajifunze kusema anachotaka.

Kisha kuna kuuficha usonji mbele za watu. Mwanamke anaandaa sentensi kabla ya sherehe, anaiga vicheko, anabana mikono isichezecheze. Waandishi huonyesha ustadi huo wakasahau gharama yake. Sura ya nne ikiwa na karamu, sura ya tano ailipie: amelala mchana kutwa, simu hapokei, maneno hayatoki. Akielemewa hadi kulia au kunyamaza kabisa, usiandike kama deko au hasira. Anayempenda atapunguza mwanga, atapunguza maneno, hatamshika bila ruhusa, atasubiri. Hakuna wa kusamehewa hapo.

Baadhi ya wenye usonji, si wote, hawaitambui hisia kwa jina lake upesi. Kwa riwaya hiyo ni hazina. Anagundua anapenda kwa ushahidi: tumbo linamkaza saa ya jamaa kufika inapokaribia, na habari zote anazosoma kuhusu popo anamwekea yeye. Ndiyo, popo. Si kila mwenye usonji ni bingwa wa hesabu, kama wengi wanavyodhani.

Mwishoni usimvue usonji ili awe mke. Waoane, waishi pamoja, na chumba chake cha utulivu kibaki. Kabla ya kuchapisha, wape muswada wanawake kadhaa wenye usonji, uwalipe, na uwaombe watie alama kila mahali wanapohisi wanatazamwa kutoka nje. Sehemu hizo ziandike upya.