Ile picha na staa: nijibu ukweli

Binamu, ujumbe wako nimeusoma. "Kaka umeshatoboa, unapiga picha na mastaa, mbona harusini umeahidi laki moja tu?" Umeandika wewe, ila najua mmetumana. Haya, nijibu bila chenga.

Mimi bado nabeba boksi. Usiku nne kwa wiki niko ghalani, kwa kima cha chini cha hapa Uingereza: kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Usizibadilishe kwa shilingi ukashangilia, kodi ya chumba nayo iko kwa pauni. Kazi za filamu huja mara moja au mbili kwa mwezi, mwezi mwingine haziji kabisa. Mimi ni msaidizi wa fundi sauti, yaani yule anayebeba nyaya.

Siku ya ile picha nilitoka ghalani alfajiri, nikapanda treni ya District kutoka Barking mpaka Richmond, mashariki mpaka magharibi ya London. Tulikwenda kumrekodi nyumbani kwake mchezaji yule yule tuliyekuwa tukimtazama kibanda umiza Manzese. Alikuwa uwanjani usiku wa fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kule Istanbul, Mei 2005, Milan walipoongoza tatu bila, Liverpool wakarudisha zote na kuchukua kombe kwa penalti. Unakumbuka tulivyorudi usiku wa manane, bibi kafunga mlango? Jina lake tuliache, filamu haijatoka.

Kazi yangu ya kwanza kwa staa huyo ilikuwa kuzima friji, maana maiki inanasa mngurumo wake. Bosi akaniambia niweke funguo zangu za nyumbani humo ndani, ili nisiondoke bila kuiwasha tena, nyama za watu zikaharibika. Ni ujanja wa mafundi sauti, nikaucheka kimoyomoyo, nikaweka.

Kisha nikaambiwa nimvishe maiki. Ni kitu kidogo kama punje ya kunde, unakibandika kwa plasta kifuani, ndani ya shati. Binamu, mikono ilinitetemeka! Klipu imedondoka mara mbili. Nilimwomba ruhusa kwa Kiingereza kikanigoma, akafungua kifungo mwenyewe na kusubiri.

Nikavaa hedifoni. Hapo ndipo nilipostaajabu. Nilisikia akimeza mate. Nilisikia ulimi ukinata kwenye kaakaa, pumzi fupi fupi kama mtoto anayeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mtu aliyecheza mbele ya watu karibu elfu 70 anaogopa taa mbili na watu watano sebuleni kwake! Wenzangu waliona amekaa tuli, mguu juu ya mguu. Mimi na bosi tu ndio tuliosikia.

Swali la kwanza lilimhusu marehemu baba yake. Akaanza, ndege ikapita. Richmond iko kwenye njia ya ndege zinazotua Heathrow, kwa hiyo mnasimama, mnatazama dari, mnaanza upya. Ndege ya tatu ilipopita bosi akasema mdomo umemkauka, ale tufaha la kijani, linaleta mate. Jamaa akaenda jikoni mwenyewe. Akarudi na tufaha mkono mmoja, funguo zangu mkono mwingine, anauliza nani anakaa kwenye friji yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Bosi akamweleza, akacheka mpaka maiki ikapiga kelele, akazirudisha. Alipokaa tena alizungumza dakika 40 bila kushika karatasi.

Mwisho tukarekodi ukimya wa chumba, nusu dakika, wa kuzibia mapengo wakati wa uhariri. Hakuna kusogea. Nimesimama hatua mbili kutoka kwake, sote tunatazama zulia, na tumbo langu ambalo halijala tangu usiku likaunguruma. Bosi akanitazama. Tukarudia.

Picha alitaka yeye, mimi nisingethubutu. Ukiiangalia vizuri utaona plasta imeninata kwenye kidole gumba.

Saa nne usiku nilikuwa ghalani tena, na malipo ya siku ile yaliingia baada ya wiki sita. Kwa hiyo laki moja ni laki moja, nitatuma tarehe 28 mshahara ukitoka. Na mwambie shangazi aache kuwaambia majirani kwamba mimi ni mtangazaji.