Kabla ya Kuiamini Namba ya Kihisi, Tazama Mbali

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watu walionunua kihisi kidogo cha kupima hewa ni hili: kwa nini alfajiri namba inapanda sana na mchana inashuka, ilhali magari na majiko ni yale yale? Nami huwajibu kwa swali: alfajiri hiyo ulikuwa unaona mpaka wapi, na unyevu wa hewa ulikuwa asilimia ngapi?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipima hewa kwa kihisi na kwa macho, yaani naandika umbali ninaoweza kuona saa ile ile ninaposoma namba. Ukiwa na kimoja tu kati ya hivyo viwili, utadanganyika kwa urahisi mno.

Kihisi cha bei nafuu hakipimi uzito wa chembe, hata kama kioo chake kinaandika mikrogramu kwa mita ya ujazo. Ndani yake mna mwali wa leza. Chembe ikipita, mwanga hutawanyika, kisha programu inakadiria uzito. Mlima wa mbali nao hufifia kwa sababu hiyo hiyo: chembe zilizo kati yako na mlima hutawanya mwanga wake, na wakati huo huo hukurushia mwanga wa jua usiotoka mlimani. Zinazofanya kazi hiyo kwa ufanisi zaidi ni zile za ukubwa wa karibu na urefu wa mawimbi ya mwanga, kati ya mikromita 0.1 na 1 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Hizo hizo zimo katika kundi la PM2.5, yaani chembe zisizozidi mikromita 2.5 kwa upana, linaloingia ndani kabisa ya mapafu.

Sasa tuje kwenye unyevu. Chembe za salfeti na naitreti, ambazo ni aina za chumvi zilizomo hewani, hunywa maji. Unyevu ukipita asilimia 80 hivi huvimba haraka na kutawanya mwanga mwingi zaidi, bila uchafu wowote kuongezeka. Kihisi kinapiga kelele, mlima unatoweka, na wewe unamlaumu jirani anayechoma takataka. Vituo rasmi huepuka mtego huu kwa kupima chujio kwenye mizani kabla na baada ya kukusanya chembe, katika chumba chenye joto na unyevu uliodhibitiwa. Wewe huna chumba hicho, basi andika unyevu kando ya kila namba, na usilinganishe kamwe alfajiri ya asilimia 95 na alasiri ya asilimia 50.

Upimaji wa macho wenyewe hauhitaji fedha. Chagua vitu vyeusi vinavyosimama mbele ya anga: kilima chenye miti, mnara, jengo refu. Viwe katika umbali tofauti, na umbali huo uupime kwenye ramani, usiukisie. Kisha tazama upande ule ule, saa ile ile. Upande una uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa chembe ndogo hurusha mwanga mwingi kuelekea mbele. Ukitazama upande wa jua, utando huonekana mzito. Ukigeuka ukaliacha jua mgongoni, hewa ile ile inaonekana nzuri. Ukipiga picha kwa simu, funga mipangilio yote ya kujirekebisha yenyewe. Simu za siku hizi zina kiherehere cha kusafisha mandhari, na zitakufutia kile kile unachotaka kukipima.

Ukishapata umbali, unaweza kuugeuza kuwa namba. Mwaka 1924 mwanasayansi wa Ujerumani, Koschmieder, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: gawanya 3.912 kwa umbali wa kuona katika kilomita, nawe utapata kiasi ambacho hewa inapunguza mwanga. Ukiona mpaka kilomita 10, ni takribani 0.39 kwa kila kilomita. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini macho hayafai kupewa kazi hii peke yake. Chukua hewa kavu na makadirio ya kawaida ya jinsi chembe ndogo zinavyozuia mwanga. Chembe zikipanda kutoka mikrogramu 5 hadi 10, umbali wa kuona hushuka kutoka kilomita 130 hivi hadi chini ya 80. Zikipanda kutoka 100 hadi 105, unatoka kilomita 9.5 hadi 9.1. Nani ataiona tofauti hiyo? Penye hewa safi jicho ni kali; penye hewa chafu limeshazoea, nalo husema "leo ni kama jana" huku mapafu yakibeba mzigo uleule wa nyongeza.

Aina ya uchafu nayo ina neno lake. Gramu moja ya masizi huzuia mwanga mara nyingi zaidi kuliko gramu ya vumbi la udongo, maana masizi huufyonza mwanga badala ya kuutawanya tu. Msimu wa vumbi unaweza kuwa na uzito mkubwa hewani na bado ukaona mbali kuliko ulivyotarajia. Vihisi vya leza navyo ni dhaifu kwa chembe kubwa za vumbi, kwa hiyo namba yao ya PM10, yaani ya chembe zote zisizozidi mikromita 10, mimi siiamini.

Kihisi kikae kivulini, penye upepo huru, mbali na jiko na bomba la moshi. Ukiweza, weka viwili pamoja. Vikianza kutofautiana, kimoja kimechafuka ndani. Na usiichukue namba ya dakika moja ukaibandika kwenye viwango vya Shirika la Afya Duniani. Viwango vya PM2.5 vilivyotolewa mwaka 2021, yaani mikrogramu 15 na 5 kwa mita ya ujazo, ni wastani wa saa 24 na wastani wa mwaka, kwa mfuatano huo.

Lipo jambo moja ambalo mbinu hizi zote mbili hazilifikii. Ozoni ya karibu na ardhi na kaboni monoksaidi hazizibi mandhari, na kihisi cha chembe hakizioni. Ozoni hutengenezwa kwa nguvu ya jua, hivyo inaweza kuwa juu mchana mweupe ambao kila kilima kinaonekana. Kifua kikibana siku kama hiyo, tafuta takwimu za kituo kinachopima gesi. Daftari lako la umbali halitakusaidia.